Barua ya wazi kwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar: daftari la mama yangu lisomwe

Kwa Mheshimiwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar,
kwa Sheikh wetu Mufti Mkuu,
na kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, mimi ni mwalimu wa darsa la kina mama huku Kaskazini Pemba. Tunakutana baada ya salaa ya alasiri, tunasoma tajwidi na fiqhi ya mambo ya kila siku, na Alkhamisi huwa ni zamu ya tafsiri. Sikusoma Madina wala Al-Azhar. Nimesoma barazani kwa babu yangu mzaa mama, mguu kwa mguu na wajukuu wenzangu, na niliyoyapata pale ndiyo yaliyonifikisha kukuandikieni leo. Maneno haya, ya haki ya mwanamke aliyeachwa katika mali aliyoitolea jasho, nimeshayasema kwa mdomo katika ofisi zaidi ya moja, kila mahali nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri vya kutosha, ndiyo maana nayaweka hadharani.

Nataka kukuelezeni habari ya daftari moja.

Ni daftari la skuli, jalada lake la kijani, pembe zimeliwa na chumvi. Mama yangu hajui herufi za Kizungu, ila kwa herufi za Kiarabu anaandika Kiswahili chake chote, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Qurani akiwa mtoto. Ndani yake hamna hesabu za kitaalamu. Mna mistari kama hii: "Bamvua la Rajabu, mwani magunia manne, saruji mifuko miwili." "Bamvua la Mfunguo Mosi, mabati sita." "Kuchambua karafuu, misumari na rangi ya mlango." Bamvua, yaani siku za maji makubwa kupwa na kujaa, baada ya bamvua, miaka inapita, na nyumba inapanda. Ukilisoma kuanzia mwanzo unaiona inavyoinuka: msingi, kuta, linta, boriti, bati. Kuna ukurasa mmoja una doa la mafuta ya taa, na chini yake ameandika "choo kimekwisha, Alhamdulillahi."

Anayeujua mwani hahitaji kuelezwa, lakini kwa Waheshimiwa mnaokaa mjini nitasema kidogo. Zao hili lilianza kulimwa kwa biashara hapa Zanzibar mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, likaja Pemba, na kuanzia hapo mpaka leo wengi wa walimaji ni wanawake. Mwanamke hushuka maji yakitoka, anapiga vijiti vyake, anafunga mbegu kwenye kamba, anarudi na gunia kichwani linachuruzika maji mpaka kwenye kisigino. Vidole vya mama yangu vimekwisha ngozi ya juu. Akishika kikombe cha chai ya moto haoni moto. Kwa vidole hivyo ndivyo ilivyojengwa nyumba ya vyumba vinne, juu ya kiwanja cha ukoo wa baba yangu.

Mwaka 2019, baada ya miaka 32 ya ndoa, baba aliandika karatasi ya talaka, akampa mtoto wa jirani ailete. Mama alikuwa uani anapaa samaki. Aliipokea karatasi kwa ncha za vidole asiirowanishe, akaisoma, akaiweka juu ya kinu, akamalizia samaki wake. Alasiri ile ile alikuwa nyumbani kwa mjomba wangu na bahasha ya nguo.

Baba yangu namheshimu, naye bado yuhai, Mungu ampe afya. Sikuja hapa kumshtaki. Talaka ni halali yake, na mtu hawezi kulazimishwa kuishi na mtu. Alichofanya ndicho alichomwona baba yake akifanya, na amefanya akiamini kuwa ndiyo dini. Hapo ndipo penye maneno yangu.

Mama alikwenda mahkamani. Nilimsindikiza. Kadhi aliyetusikiliza alikuwa mtu wa adabu, alimwita "bibi", hakumkatiza. Alimuuliza mambo matatu: Kiwanja chako? Si changu. Jina lako lipo kwenye karatasi yoyote ya nyumba? Halipo. Una risiti? Mama akatoa daftari. Kadhi akalifungua, akalisoma kwa sababu anayasoma maandishi yale, akageuza kurasa kama nne au tano, akasema kwa upole, "Bibi, mtu hajiandikii ushahidi wake mwenyewe." Baba alipoulizwa alisema sentensi moja: "Nilimlisha miaka thelathini na mbili, hakulala na njaa." Mama akatoka na kitanda, kabati la vyombo na cherehani.

Masheikh, sentensi ile ya baba nimekaa nayo miaka. Nikaamua kwenda kuitafuta kwenye vitabu vyetu wenyewe, vya madhehebu yetu ya Shafi, ili nijue kama kweli kulishwa ni malipo ya kazi ya mke. Nilimwendea mzee mmoja anayesomesha Minhaji ya Imam Nawawi, nikamuomba anisomee mlango wa nafaqa, yaani matunzo, ya mke. Alinisomea kuwa mume wajibu wake ni kumpa mke chakula, tena juu yake mume, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, gharama za kukisaga na kukioka. Nilimwambia rudia, akarudia. Yaani katika kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha visiwani humu kizazi baada ya kizazi, mke hata kutwanga si deni lake. Akitwanga amefanya hisani, au amefanya kazi. Basi mwanamke aliyetwanga, akapika, akateka maji, akalea watoto saba, kisha akashuka pwani kutafuta saruji, vipi yote hayo yageuke kuwa ni fidia ya kulishwa? Kulishwa ni haki yake hata kama angekaa kitako toka asubuhi mpaka usiku.

Na Qurani imetangulia kabla ya Minhaji. Suratu Nnisaa, aya ya 32: wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Suratu Ttalaq, aya ya 6, inamwamrisha mume aliyeacha, kama mtalaka wake atamnyonyesha mtoto wao, basi ampe ujira wake. Kina mama darsani waliposikia aya hii mara ya kwanza, mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, aliniuliza, "Maziwa yana ujira, Mwalimu?" Yana ujira, mama, kwa neno la Mola. Kama maziwa ya kumnyonyesha mtoto aliyemzaa mwenyewe yana ujira, mwani wa pwani usiwe na ujira kwa lipi?

Najua jibu linalotolewa. Nimelisikia mahkamani, nimelisikia msikitini, na nimelisikia kwa ndugu zangu wa kiume: katika Uislamu hakuna mali ya pamoja ya mke na mume, kila mtu na mali yake, na habari ya kugawana imetoka kwa Wazungu. Sehemu ya kwanza ni kweli, nami naishikilia kwa mikono miwili. Kila mtu na mali yake! Basi chake apewe. Msiba wetu ni kwamba mali ya mke hutengwa kwa maneno, kisha kwa vitendo humezwa na ya mume, kwa sababu kiwanja ni chake, jina ni lake na risiti ya dukani, ikiwapo, imeandikwa jina lake maana ndiye aliyetumwa kuchukua mifuko kwa gari la ng'ombe. Ya mke imo ndani ya ukuta, na ukuta haujui kusema.

Na hilo la Wazungu, nakuombeni tutazame wenzetu. Indonesia na Malaysia ni watu wa Shafi kama sisi. Malaysia, sheria ya familia ya Kiislamu ya 1984 inayotumika Kuala Lumpur inaiamuru mahkama ya sharia, inapogawa mali iliyochumwa katika ndoa, iangalie mchango wa kila mmoja kwa pesa, kwa mali au kwa kazi, na hata ile mali aliyoichuma mmoja peke yake, mahkama itazame mwenzake alivyotunza nyumba na watoto. Wao huiita harta sepencarian, mali ya kuchuma pamoja, na ni ada yao ya zamani waliyoiingiza katika fiqhi. Indonesia, mkusanyo wa sheria za Kiislamu wa 1991 unasema walioachana kila mmoja ana nusu ya mali ya pamoja, isipokuwa kama walikubaliana vyengine. Hawa hawakuacha dini. Wanasali kama sisi, wanasoma maulidi kama sisi.

Kwa Wamaliki, wafuasi wa Imam Malik, wa Morocco nimekuta jambo lililonipa raha zaidi, maana ni la zamani. Wanazuoni wao wanasimulia habari ya Habiba binti Zuraiq, aliyekuwa akitia nakshi nguo, na mumewe akizisafisha, wakachuma pamoja mpaka wakawa na mali nyingi. Mume alipofariki, warithi wakashika kila kitu. Kesi ikafika kwa Sayyidna Umar, naye akamhukumia mwanamke nusu kwa kuwa walikuwa washirika, kisha akampa na mirathi yake katika nusu iliyobaki. Juu ya msingi huo, katika karne ya 16, mwanachuoni Ibn Ardun alitoa fatwa kuhusu wanawake wa mashamba ya kaskazini ya Morocco waliokuwa wakivuna na kupura pamoja na waume zao, kuwa wana haki katika mazao kwa kadiri ya jasho lao. Wamorocco wanaiita haki ya taabu na jitihada. Walipotengeneza upya sheria yao ya familia mwaka 2004, wakaandika katika kifungu cha 49 kuwa mke na mume wanaweza kuandikiana, kwa karatasi mbali na ile ya ndoa, namna ya kuendesha watakachokichuma, na wanaofungisha ndoa wawajulishe hivyo siku ya akdi. Wasipoandikiana, mahkama itazame kazi ya kila mmoja na mzigo alioubeba. Ibn Ardun hakumjua Mzungu wala shirika la wafadhili. Alimwona mwanamke na mundu mkononi, akahukumu.

Nasi tumeanza. Sheria ya Mahkama ya Kadhi mliyoipitisha mwaka 2017, Waheshimiwa Wawakilishi, iliipa mahkama uwezo wa kusikiliza madai ya mali ya wanandoa palipo na mchango. Tulishukuru, tulisoma dua. Lakini sheria imebaki ikimngoja mwanamke aje na ushahidi ambao maisha yetu hayautoi. Nani Micheweni au Tumbe anayepewa risiti kwa mabati sita? Mwenye duka huandika kwenye kijidaftari chake, deni likilipwa anapiga msitari. Mwaka 1983 Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi ya nyumbani nayo ni mchango, ijapokuwa Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokidai. Ile ni sheria ya ndoa ya Bara na kesi zetu za kadhi haziendi huko, zinaishia hapa hapa Zanzibar, kwa hiyo hakuna wa kutunyooshea jambo hili ila nyinyi.

Narudi kwenye neno la kadhi, kwamba mtu hajiandikii ushahidi. Namuelewa. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni na kushuhudisha. Mama aliandika. Mashahidi nao walikuwapo: mwenye duka aliyemuuzia saruji yuhai, fundi aliyepiga boriti yuhai, na wanawake wanane aliokuwa akishuka nao pwani, wote wanajua bati lile limetoka wapi. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyemwambia mama kuwa anaweza kuwaita. Nakuombeni, Sheikh wetu Kadhi Mkuu, utoe mwongozo kwa makadhi wote wa wilaya, Unguja na Pemba: mwanamke anapodai jasho lake, mahkama yenyewe imuulize nani alimuona, iwaite majirani na sheha, itume mtu akaitazame nyumba, na daftari kama lile lisomwe mpaka ukurasa wa mwisho. Na kazi ya nyumbani ihesabiwe. Sisemi nusu kwa nusu kwa kila mtu. Kuna mke aliyekaa miezi mitano na kuna aliyekaa miaka 32. Nasema ipimwe.

Kuna kiliwazo pia, ambacho nakiona kimesahauliwa kabisa. Suratul Baqara aya ya 241: na walioachwa wapewe cha kuwaliwaza kwa wema. Katika madhehebu yetu, kwa kauli yenye nguvu, hiki ni wajibu kwa mke aliyeingiliwa kisha akaachwa bila ya kosa lake. Si sadaka wala si huruma ya mume. Katika wanawake niliowasindikiza mahkamani, ambao sasa ni kumi na mmoja, ni mmoja tu aliyewahi kukisikia kwa jina lake kabla ya kuja darsani. Kama kingekuwa kinatajwa na kadhi siku ile ile, bila kungoja mwanamke akiombe, hali ingekuwa nyengine. Mimi mwenyewe nimekisoma ukubwani, kwenye tafsiri ya Kiswahili ya marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi hapa Zanzibar kabla ya kuhamia Kenya. Namuombea kila nikiifungua, maana bila yeye nisingejua.

Na eda. Suratu Ttalaq inaanza nayo: msiwatoe katika nyumba zao. Nyumba zao, ndivyo ilivyosema. Mama yangu alikuwa na miezi mitatu ya kukaa katika nyumba ile kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na hakukaa hata usiku mmoja. Kila mtu aliona sawa, hata yeye mwenyewe, hata mjomba aliyempokea. Ada imetushika hivyo. Ndiyo maana naomba talaka ya karatasi iliyotumwa kwa mkono wa mtoto isiishie uani. Mume apewe siku chache, afike mahkamani na mkewe, na siku hiyo yaandikwe: eda anakaa wapi, nani anamlisha, kiliwazo kiasi gani, watoto wako kwa nani, na mali itasikilizwa lini. Tunisia tangu 1956 haitambui talaka ila iliyotamkwa mbele ya mahkama. Mimi siombi kufika huko, masheikh wengi hawatakubali na naielewa hoja yao. Naomba talaka ikishatoka iwe na mlango wa kuingia kwenye sheria.

La mwisho ni zito kidogo kulisema mbele ya wanaume, lakini nalisema. Mwaka jana nilimsindikiza binti wa miaka 22 aliyekuja kuomba faskhe, yaani kadhi aivunje ndoa. Sababu yake ilikuwa ya chumbani. Alisimama mbele ya kadhi, karani, mashahidi wa upande wa pili na wazee wawili wasiomhusu waliokuwa wakingoja kesi yao, akaulizwa aeleze. Alifungua mdomo, akaufunga. Alishika pindo la buibui lake akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mwisho akasema "hatuelewani", basi. Kesi ya kutoelewana ikaandikwa, akatakiwa ajikomboe, arejeshe mahari ili aachwe. Akarejesha. Haki yake ya kutolewa bila kulipa kitu ilikuwapo kwenye fiqhi, ila hapakuwa na mwanamke mwenziwe wa kumnong'oneza.

Najua wengi wa maimamu, pamoja na Imam wetu Shafi, hawakumruhusu mwanamke kuwa kadhi. Najua pia Abu Hanifa aliruhusu katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa, na Imam Tabari aliruhusu moja kwa moja. Wapalestina wamewateua wanawake wawili kuwa makadhi wa sharia mwaka 2009, Malaysia ikafuata mwaka 2010, na Indonesia wapo kwa miongo mingi. Huo ni mjadala wa masheikh, mtauendesha nyinyi, nami naomba muuendeshe wazi, si nyuma ya milango. Lakini kuna jambo ambalo sijasikia imamu akilipinga: mwanamke mwenye elimu kukaa ndani ya mahkama, amsikilize mwanamke faragha, kisha amueleze kadhi. Imesimuliwa kuwa Imam Shafi mwenyewe, alipokuwa Misri, akienda kumsikiliza Bibi Nafisa, mwanamke mwanachuoni, na kumuomba dua, na jeneza la Imam lilipitishwa nyumbani kwa Bibi huyo akalisalia. Visiwa hivi vina mabinti waliohitimu sharia hapa na ng'ambo. Wawili watatu niliowafahamu wanauza vitenge. Waajirini.

Siku tulipotoka mahkamani mama hakulia. Alilikunja daftari ndani ya kanga, akaniuliza kama bado kuna daladala za Konde. Njiani akanambia nimsomee ile sura ya yule mwanamke aliyejadiliana na Mtume, Suratul Mujadila, ambapo Mwenyezi Mungu anasema amekwisha kuisikia kauli yake. Nikamsomea kwa sauti ya chini mpaka tukashuka.

Sasa anakaa kwa mjomba, kwenye chumba cha uani. Bado anashuka pwani kila bamvua ingawa goti linamsumbua. Nyumba ya vyumba vinne ipo, na mwaka huu imepigwa rangi mpya. Daftari liko kwangu, nimelitia kwenye mfuko wa nailoni lisipate unyevu. Mkiniita, Mkoani, Chake au Mazizini, nitakuja nalo, na mama akiruhusu mguu nitakuja naye.

Wabillahi ttawfiq.

Mwalimu wa darsa la kina mama,
Kaskazini Pemba